Daftari la Vipimo

Mama ni fundi cherehani pale Majengo ya Vihiga,
na daftari lake limejaa watu kwa inchi:
Mwalimu Kegode, kifua arobaini na mbili,
kiuno hakisemeki;
bibi harusi wa Mahanga, aliyepimwa mara tatu
na kila mara mkanda ukasema jambo jipya,
hadi mama akaelewa, akaacha upindo wa kufumua.
Hajamwambia mtu.
Fundi ni kama daktari, husema,
ila mimi hulipwa kwa awamu.

Simu nilimnunulia mimi, kabambe ya vitufe.
Nikamketisha, nikamfundisha:
usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, kanisa zima linaujua;
usiweke moja mbili tatu nne,
hata kuku ataipata akidonoa.
Akanitazama juu ya miwani.
"Umemaliza?"
"Nimemaliza."
"Basi geuka."

Nikageuka. Ukutani kalenda ya kiwanda cha chai
ilikuwa bado Machi, na sisi tuko Agosti.
Nikasikia vitufe: ti, ti, ti, ti,
bila kusita, kama mtu anayefunga vifungo gizani.
Kisha mara nne tena, kuthibitisha.
Kisha akavuta pua kidogo.
Nikadhani ni vumbi la kitambaa.

Tangu siku ile tumegeuka wote.
Kaka yangu Jumba, aliyetaka eti kumsaidia
kutoa pesa za karo, aligeuka.
Wakala wa Mudete hugeuza uso kabla hajaambiwa.
Shangazi Kasoha akachokoza: siri ya mtungi aijuaye ni kata.
Mama, mguu hauondoki kwenye pedali:
"Ndiyo maana kata nimeificha."

Siku moja akapiga mtu, sauti laini kama sabuni ya hoteli:
"Mama, laini yako itafungwa saa sita.
Nitajie namba ya siri nikuokoe."
"Asante, mwanangu. Nitajie kwanza kiuno chako,
nikuanzie kaptula ya Kodiaga."
Akakata.

Aliyeibiwa ni mimi.
Mimi mwenye diploma, ghorofa ya tatu, Nakuru mjini,
nywila moja kwa milango saba:
jina la paka, na mwaka.
Usiku mmoja mtu akaingia, akalivaa jina langu,
akawaandikia rafiki zangu kwamba nimelazwa,
nahitaji elfu nne.
Nasambu alituma. Alikopa ili atume.

Desemba nikarudi nyumbani na aibu hiyo.
Mama akiwa sokoni nikafungua daftari la zamani,
lile la jalada la buluu, nikitafuta
shati langu la darasa la kwanza.
Ukurasa mmoja haupo.
Haukuchanwa kwa hasira; ulikatwa kwa mkasi,
ukingo umenyooka, vile anavyokata hariri.
Kabla yake: mimi, miaka sita.
Baada yake: mama mwenyewe, gauni jeusi.

Katikati yetu alikuwa Mideva,
miezi tisa,
ambaye kwetu hatajwi, hata tukipalilia pale alipolala.
Kifua, tarakimu mbili.
Bega hadi pindo, tarakimu mbili.
Gauni la mwisho alilomshonea.

Labda nimekosea. Sitauliza.
Nililifunga daftari, na aliporudi, "Unatafuta nini humo?"
nikasema, "Uzi."

Nimebadilisha nywila zangu zote saba.
Paka hayumo.
Kila moja nimeitoa mahali
ambapo hakuna mtu amewahi kuniuliza njia,
na moja hunichelewesha kidogo kila asubuhi
kabla sijaanza kazi.

Jioni ile, baada ya ugali na mrenda, nilimsimulia habari ya Nasambu.
Hakunikaripia. Alifuta mikono kwa leso,
akavuta simu kutoka kifuani.
"Namba yake?"
Nikamtajia, namba ya simu, ile ya kutajwa.
Elfu nne.
Kisha nikageuka kabla hajasema,
nikaitazama Machi
mpaka vitufe viliponyamaza.